Dada yangu ana kifafa na anasahau: fundo la kitenge lilivyotusaidia wakati wa vita

Wakuu, habari za muda huu.

Hili jambo nimekaa nalo miaka na bado nikilikumbuka nafurahi kama mtoto. Ni la nyumbani kwetu Baraka, kule Fizi, Kongo, vita ya pili ya huko ikiwa imepamba moto. Sikusimuliwa, nilikuwepo.

Dada yangu mkubwa anaitwa Riziki. Kwetu dada mkubwa tunamwita Yaya. Ana kifafa.

Watu wengi wanajua kuanguka tu. Kuanguka kunapita, mtu anaamka. Kilichotumaliza sisi ni memory. Kila jioni anatakiwa ameze kidonge kimoja, na kila jioni hajui kama ameshameza au bado. Akirudia, analala hadi mchana wa kesho. Akiruka siku, anaanguka, na sisi tunapikia mafiga, moto uko chini.

Mama mkwe wake akaja kumchukua mtoto wa Yaya, Amani, hata kutembea bado.

"Mutoto atakaa kwangu. Siku utaweza kujichunga we mwenyewe, utakuja kumubeba."

Yaya alilia mpaka sauti ikakauka. Mimi nilimkasirikia sana yule bibi, ingawa moyoni nilijua anaogopa moto kama sisi.

Tukajaribu kengele ya kanisa. Ikigongwa ya maombi ya jioni, Yaya anameza. Ilifanya kazi vizuri hatari! Halafu wanajeshi wakakataza kengele, eti inawapa maadui ishara. Tukarudi pale pale.

Sasa sikieni hii.

Siku moja nikamuuliza, hivi Yaya, wewe kuna kitu hupotezi kweli? Akacheka.

"Feza yangu haipoteake. Naifungaka mu kitenge. Kidonge nayo nitaifunga."

Simple tu! Asubuhi nampa kidonge kimoja, anakifunga kwenye pindo la kitenge. Jioni anapapasa. Kipo, bado hajameza. Hakipo, ameshameza. Hana haja ya kumuuliza mtu. Wakuu, nilitamani kuruka juu. Wiki zikapita hajaanguka.

Kumbe shida ilikuwa kanisani. Kwetu mgonjwa akionekana na kitu kimefungwa kwenye nguo, watu wanajua ametoka kwa mganga. Jumapili, katikati ya maombi, mama mmoja akaliona lile fundo, akalifungua, akatupa kidonge kwenye nyasi huku anakemea mapepo. Yaya alikuwa amefumba macho, anaomba; mimi nilikuja kuambiwa baadaye.

Jioni akapapasa, pindo tupu. Akajua ameshameza.

Kesho yake akaanguka uani. Mungu saidia, mbali na moto. Na mama mkwe alikuwa amemleta Amani kumsalimia, akaona kila kitu. Akambeba mtoto, akaondoka.

Mimi nilisema basi, tuache. Yaya akakataa. Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, akasimama mbele ya kanisa zima akafungua fundo lake.

"Bamama, hii njo dawa ya kule hospitali. Mukiona fundo yangu musiifungue. Muniulize tu: iko ndani ao haiko?"

Basi ikawa raha ya mtaa mzima! Jioni ikifika, kila mama anayepita na ndoo anaita, "Riziki, fundo?" Naye anajibu kwa madaha.

Halafu vita ikaingia Baraka yenyewe. Jioni, milio ya risasi kutoka upande wa milima, watu wote wanakimbilia ziwani kutafuta mtumbwi. Mimi na Yaya tukakutana na mama mkwe njiani, anahema, Amani mgongoni.

Yule bibi akasimama katikati ya watu wanaokimbia. Akashika pindo la kitenge cha Yaya, akapapasa. Tupu.

"Umekunywa?"

Nilitaka kujibu mimi. Yaya akanitangulia.

"Nimekunywa, mama. Ya kesho mudogo wangu iko nayo."

Bibi akamfungua mtoto mgongoni mwake.

"Geuka, nikufungie mutoto wako."

Wakuu, hapo nililia huku nakimbia.

Nilichojifunza: ukiwa na mgonjwa anayesahau, usianze na vile anavyosahau. Muulize yeye ni kitu gani hapotezi, uanzie hapo. Na majirani waelezeni mapema, msifiche.

Wenye ndugu wa hivi, ninyi mmetumia njia gani? Semeni, nasoma zote.