Nilivyopeleka Posa Mbamba Bay na Mkanda Tumboni

Niliondoka Dar es Salaam mwezi wa saba kwa sababu mdogo wangu Ditram anataka kuoa. Baba yetu hayupo tena, mimi ndiye mtoto wa kwanza, na kwetu Umatengoni mtoto wa kwanza hakwepi kazi ya namna hii kwa kisingizio cha sare za shule kuwa nyingi. Binti anaitwa Stela, kwao ni Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Nikafunga karakana yangu ya cherehani kwa wiki moja, nikakata tiketi.

Kabla basi halijaondoka, niwaeleze huyu abiria yukoje. Mwaka na nusu uliopita nilikuwa na kilo mia moja thelathini na moja, magoti yananiuma, sukari inapanda na kushuka itakavyo. Daktari akanifunga mkanda mdogo wa silikoni sehemu ya juu ya tumbo la chakula, ukabana pale kama kiuno cha gauni. Chini ya ngozi ya tumbo nina kidude cha duara. Daktari hukichoma sindano akaongeza maji mkanda ukaze, au akayapunguza ulegee. Sasa nina kilo themanini na nne, nguo zangu nimezipunguza mwenyewe mara nne, na ninapanda ngazi huku naongea. Masharti ninayo: tonge dogo kama punje ya harage, kutafuna mpaka chakula kiwe uji, kutokunywa maji katikati ya mlo, na kuacha kula mara kifua kinapoanza kujaa. Sijajuta hata siku moja.

Ila mama sikumwambia. Mama yangu alilima mahindi kwa jembe la mkono kwenye mashimo ya ngolo, yale tunayochimba milimani ili udongo usiondoke na mvua, na alilima hivyo miaka yote ili sisi tushibe. Ningeanzaje kumwambia kwamba mwanawe alikwenda hospitali kwa miguu yake akaomba afungwe tumbo? Niliona aibu. Kwenye simu nikasema ni mazoezi na kupunguza wali.

Stendi ya Mbezi, alfajiri. Nilibeba chupa ya uji, mayai mawili ya kuchemsha na kibakuli cha maharage. Basi la Songea lina kasi kwa kila jambo, hata kwa chakula. Tuliposimama njiani, konda akapaza sauti: "Dakika kumi na tano, abiria! Mwenye kuchelewa ataoa huku huku!" Zamani katika dakika hizo ningemaliza chipsi kuku na soda, nikabeba na muhindi wa kuchoma. Sasa nilibaki kwenye kiti changu, yai langu nikalianza Mikumi nikalimaliza tunapanda Kitonga. Baba mmoja aliyekaa jirani yangu aliniangalia weee, mwisho akauliza kwa upole kama nimefiwa. Nikamwambia hapana baba, nakwenda kuoza. Akafurahi sana na kuniongezea nafasi ya miguu.

Songea nililala nyumba ya wageni, asubuhi nikachukua gari la Mbinga. Yale majani ya kahawa yanayong'aa kando ya barabara, na baridi ya mwezi wa saba inayoingia mpaka kwenye meno, vilinifanya nitabasamu peke yangu kama mtu aliyechanganyikiwa. Kutoka Mbinga mjini nikapanda bodaboda hadi Mapera. Yule kijana hakudai nilipe nauli ya watu wawili, jambo ambalo wenzake walikuwa wakinifanyia bila hata kucheka.

Mapera, saa sita mchana. Mama alikuwa kwenye kichanja akigeuza kahawa aliyoianika. Akaacha kila kitu, akaja kunikumbatia, na mikono yake ikakutana mgongoni mwangu kwa mara ya kwanza tangu niko darasa la sita. Nilidhani atafurahi. Akaanza kulia.

"Gaude, mwanangu. Niambie ukweli. Unaumwa nini?"

"Siumwi, Mama. Nilikwambia ni mazoezi."

"Mazoezi gani yanayokula mashavu? Jirani nilimwonyesha picha yako, akanyamaza. Mtu mzima ananyamaza mbele ya picha, halafu mimi nisielewe? Mwaka mzima ninatoa nia ya Misa kwa ajili yako pale parokiani."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikafungua begi nikatoa kitenge nilichomletea.

Jioni ile, mimi nikimenya viazi na yeye akisonga ugali, alisema lililokuwa moyoni mwake. "Huko ziwani usiende. Aende mjomba wako peke yake. Wale watu wakikuona ulivyo watajiuliza ukoo huu una ugonjwa gani, na binti hawatamtoa. Ditram amempenda yule msichana, Gaude. Usimharibie."

"Nitakwenda, Mama. Mgonjwa hali. Mimi nitakula mbele yao, waone wenyewe."

Akaendelea kusonga. Mimi niliondoka asubuhi kifua mbele. Nimeshakula kwenye harusi, kwenye vikao vya wazazi, kwenye misiba mitatu, na hakuna aliyewahi kugundua kitu. Kwa ugali nilijiona nimehitimu.

Mbinga hadi Mbamba Bay, asubuhi. Mjomba Kolumba alinikuta stendi akitokea Namswea, amevaa koti la suti juu ya sweta. Barabara siku hizi ni lami, lakini lami haikuondoa kona. Unateremka, unakunja, unateremka tena, masikio yanaziba, na kila kona inakuvua nguo moja: kwanza skafu, kisha sweta, na mjomba akabaki na koti lake kwa ajili ya heshima, jasho likimtiririka. Kisha ziwa likatokea chini, pana, la buluu, na milima ya ng'ambo ikionekana kwa mbali sana. Nikamshika mjomba mkono. Nimezaliwa wilaya ya jirani na sikuwahi kufika hapa. Zamani nilikuwa naogopa viti vya magari madogo.

Saa tano tulifika kwa akina Stela, nyumba ya matofali yenye ua uliofagiliwa vizuri, samaki wadogo wameanikwa juu ya wavu nyuma ya jiko. Alitupokea Mzee Menas, baba mkubwa wa Stela, ndiye msemaji wao.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, karibuni. Mmeteremka salama? Milima yenu ile haitaki utani."

Mama yake Stela alitusalimia vizuri, ila macho yake yalikaa kwenye shingo yangu, pale ngozi ilipolegea. Mjomba alipokohoa kuanza maneno ya posa, Mzee Menas akamzuia kwa kiganja. Kwanza chakula. Nikawekwa kwenye mkeka pamoja na wazee kwa sababu mimi ndiye niliyebeba posa, na mbele yetu kikaja kisahani cha mchuzi wa mbasa, samaki wa ziwa hilo, mnene na mtamu, na mlima mmoja wa ugali.

Hapo ndipo kuhitimu kwangu kulipoishia. Ugali wenyewe ulikuwa wa muhogo. Sisi wa juu tumezoea wa mahindi, unaosagika ukitafuna. Huu wa muhogo unavutika, na wenyewe hawautafuni: wanamega, wanazungusha kwenye mchuzi, wanameza. Mimi nikamega punje yangu ya harage, nikatafuna, nikatafuna. Unazidi kuvutika tu. Mazungumzo yakapungua. Mzee Menas akaniangalia taya zangu zinavyohangaika, akashindwa kujizuia.

"Mwanangu, hicho unachokitafuna ni nini? Ugali wa muhogo haukai mdomoni. Meza!"

Wakacheka wote, mjomba wangu mwenyewe akiwemo. Mama Stela hakucheka. Alikuwa anaangalia upande wangu wa ugali, ambao haukuwa umepungua.

Kiburi kikanipanda. Nikamega tonge la mtu mzima, nikalichovya, nikalimeza kama wao.

Lilinasa palepale kwenye mkanda. Aliyenaswa na chakula hivi anajua: ni kama mtu ameweka goti katikati ya kifua chako na hana haraka ya kuondoka. Mate yakajaa mdomoni, machozi yakanitoka. Nikainuka bila hata kuomba ruhusa, nikazunguka nyuma ya jiko, nikainama kwenye migomba. Lilitoka kwa shida. Nilipoinua kichwa, Mama Stela alikuwa amesimama nyuma yangu na kata ya maji.

Alingoja nisukutue. Halafu akasema kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote: "Mwanangu, mimi namtoa mtoto wangu. Kama kwenu kuna ugonjwa, niambie sasa hivi, hapa, tukiwa wawili."

Ningeweza kusema ni uchovu wa safari. Maneno yalikuwa tayari. Lakini nilimwona yule mama, kata bado mkononi, nikajua kwamba nikimdanganya atakubali kwa adabu, na Stela hatatoka nyumba ile. Nikamwambia yote: kilo, magoti, sukari, kisu cha daktari, mkanda. Nikamwambia aguse tumbo langu, na akagusa kile kidude kwa ncha ya kidole.

"Umefungwa mwenyewe? Kwa kutaka kwako?"

"Kwa kutaka kwangu, mama. Na ukoo wetu ugonjwa wake ni huo, tunanenepa na sukari inatupata. Ditram bado hana, ila nitakuwa namwangalia."

Akafikiri. "Haya maneno unaweza kuyasema mbele ya wale wazee?"

"Naweza."

Nikarudi mkekani nikayasema. Mjomba Kolumba alitazama dari ya nyumba ya watu kana kwamba anaikagua. Kisha Mzee Menas akajipiga pajani. "Yaani huyu amefungiwa breki!" akasema, na nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko, na safari hii nilicheka kuliko wote.

Sasa sikilizeni lililofuata. Baada ya kunasa, siku nzima inayobaki mimi hunywa vya majimaji tu, na hivyo vyenyewe kwa polepole. Mama Stela akaniletea bakuli la supu ya mbasa na kijiko kidogo cha chai. Wenzangu walikuwa wameshamaliza. Lakini nyumba ile ina desturi yake: mwenyeji hanawi mpaka mgeni amenawa. Nikasema jamani naweni, mimi nitachelewa. Hakuna aliyejongea. Wazee watano wakakaa na ugali ukiwakaukia vidoleni, wakinitazama nikinywa supu kijiko kwa kijiko.

Mtu hawezi kukaa kimya muda wote huo. Wakaanza na maswali ya mkanda: je, unapiga kelele ukipita kwenye mashine ya ukaguzi? Pombe inapita? (Inapita, nikasema, lakini mimi siipitishi.) Kisha wakaingia kwa Ditram. Anakunywa? Akikasirika anafanyaje? Stela anafundisha chekechea, ataendelea? Nikajibu kila kitu, kijiko mkononi, na kwa kuwa nilikuwa nimeshasema la kwangu zito zaidi, sikuona sababu ya kupamba haya mengine. Ndiyo, hukasirika upesi. Hapana, hapigi. Ndiyo, ataendelea kufundisha, na akizuiwa nipigiwe simu mimi. Bakuli lilipokwisha, kulikuwa hakuna la kuuliza. Mjomba alikuwa na hotuba yake ya posa aliyoikariri tangu Namswea, maskini, na hakupata pa kuiweka.

"Wageni wa posa hula haraka, wakasema yaliyopangwa, wakaondoka," alisema Mzee Menas akinawa hatimaye. "Huyu ametukalisha tukamjua. Mwambieni kijana aje."

Siku iliyofuata, tukipanda kurudi, mjomba akatoa simu ampigie mama. Nikamzuia. Habari ya posa ingebeba na habari ya mkanda, na hiyo haikuwa ya mjomba.

Mapera tena, saa nane. Mama alikuwa kichanjani. Nikasimama upande wa pili, nikaanza kuchambua kahawa pamoja naye, kwa sababu ni rahisi kusema ukiwa na kazi mikononi. Nikampa kwanza la Ditram. Akapiga kigelegele kimoja. Kisha nikampa la pili.

Hakuacha kuchambua. Alinisikiliza mpaka mwisho, punje mbovu akizitupa chini moja moja.

"Kwa hiyo huumwi."

"Siumwi, Mama. Niko mzima kuliko miaka kumi iliyopita."

"Na watu wa ziwani wamejua kabla yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengine yote: chakula, jembe, njaa ya zamani, aibu ya majirani. Hayo hakuyagusa hata kidogo.

"Siku waliyokupasua," akauliza, "nani alikuuguza?"

"Manesi, Mama."

"Manesi," akasema. Mikono yake ikasimama juu ya kahawa. "Mwanangu anapasuliwa, mimi niko hapa napalilia mahindi, anauguzwa na manesi. Ungesema, Gaude. Ningekuja hata kwa lori."

Nimesafiri kilomita nyingi nikijivuna kwamba nimejifunza kula. Nililojifunza lilikuwa hilo, na nililipata kwetu, nikiwa nimesimama: kwa muda wote niliodhani namficha mama aibu yangu, nilikuwa nimemnyima nafasi ya kuniuguza. Nililia pale pale, na yeye akaniacha nilie.

Mwezi ujao nina miadi Dar ya kuongezwa maji kwenye mkanda. Ni sindano moja, haimalizi dakika kumi. Mama ameshakata tiketi. Anasema atakaa mlangoni, na nesi yeyote asithubutu kumwambia arudi nyumbani.