Paka Mmoja kwa Mifuko ya Nailoni

Katika miaka ya tisini pale Ifakara walikuwepo watu wengi walionizidi kushona, lakini hakuwepo hata mmoja aliyenizidi kuzijua sarafu zenye paka. Sijisifu. Hakuwepo mwingine aliyekuwa akizitafuta.

Nikisema paka namaanisha ukoo wote: simba, chui, duma, hadi yule wa nyumbani anayelala juu ya magunia ya mpunga akijifanya analinda. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikaja kukaa na shangazi aliyekuwa na cherehani mbili kwenye baraza karibu na soko. Kazi ile ilinifaa kwa sababu mimi ni mtu wa wasiwasi. Mlango nikishaufunga narudi kuutikisa. Mshono ukipinda kidogo naufumua, hata kama mteja amesimama mbele yangu anasema hajali. Shangazi alikuwa akiwaambia wateja kwamba nguo nikishona mimi itachelewa, ila haitarudi.

Sarafu ya kwanza niliikuta kwenye mfuko wa koti kuukuu lililoletwa kupunguzwa. Ilikuwa shilingi ya enzi za mkoloni, simba amesimama, nyuma yake milima. Mwenye koti aliniambia niichukue tu, hainunui hata pipi. Nilimtazama yule simba wiki nzima. Alikuwa na uso wa mtu aliyefika dukani na hakuna wa kumhudumia. Kuanzia hapo nikawa nageuza kila sarafu iliyonipitia mkononi.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuuliza abiria pale stesheni na kwa kitabu kimoja cha ngao za mataifa nilichokuwa nakisoma kwenye maktaba ya parokia. Simba wa Kenya niliwakataa kwa muda mrefu, kwa kuwa wamesimama kwa miguu miwili na kushika ngao kama askari, nikaona hao si wanyama tena. Baadaye niliwasamehe. Dereva mmoja mstaafu alinipa kichwa cha simba wa Ethiopia, mdomo wazi. Padri mmoja alinipa simba wa Kiingereza aliyevaa taji. Mfanyabiashara wa Zambia aliyekuja kununua mchele alilipia zipu ya begi lake kwa sarafu ya Kongo, nyepesi kama kifuniko cha soda, yenye chui anayeruka. Ilipotoka mia mbili yetu yenye simba wawili, nilimwomba mwenye duka la jirani aniruhusu nichague kwenye droo yake ile isiyo na mkwaruzo. Alinivumilia kwa muda, kisha akauliza, "Binti, unachukua sukari au unachagua mchumba?"

Ndugu zetu wa Malinyi walipokuja mjini, mmoja wao alikataa hata kumshika simba wa Ethiopia. Alisema huko kwao shambani simba si picha.

Kilichonitesa ni kuzihifadhi. Nilizipanga juu ya ubao uliofunikwa kitambaa cheusi, lakini mtu akipita kwa kishindo simba anageuka upande, na mimi siwezi kushona nikijua kuna simba amekaa upande. Jirani yetu kwenye baraza alikuwa fundi baiskeli, kijana mwenye maneno, ambaye kila asubuhi aliniuliza mapaka yangu yamekula nini. Nilikuwa nimemtazama mara nyingi akiziba pancha. Anausugua mpira kwa msasa mpaka ukwaruzike, anapaka gundi, anasubiri ikauke, ndipo anabandika kiraka, na kiraka hakitoki. Nikaona hiyo ndiyo kazi iliyokamilika. Nikaazima msasa na gundi yake. Kila sarafu niliisugua upande wa nyuma vizuri sana, kwa sababu mimi kitu sikifanyi nusu, nikaibandika kwenye ubao huku mnyama akitazama mbele. Hakuna aliyegeuka tena. Nilining'iniza ubao ukutani juu ya cherehani, na nakiri kwamba nilikuwa nikichungulia wateja wakiutazama.

Basi mwaka ule ule, baada ya mavuno, akaja mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akifanya utafiti wa mbu. Alikuwa amekaa bondeni miaka mingi, Kiswahili chake kilikuwa cha Ifakara kabisa, na shangazi alimheshimu kwa sababu alianza na shikamoo kwa mtu aliyemzidi umri, bila kukumbushwa. Alikuwa anarudi kwao moja kwa moja, akataka gauni la kitenge la safari. Wakati nampima aliuona ubao. Akaniomba nisimame kando kidogo, akausogelea.

Aliniambia naye hukusanya sarafu zenye wanyama wa Afrika, na kwamba huyo chui wa Kongo amemtafuta kwa muda mrefu. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba mimi natafuta paka. Paka hasa, wa nyumbani, ambaye sijamwona kwenye hela ya nchi yoyote.

Akasema, "Mimi ninaye."

Kesho yake alimleta. Sarafu ilikuwa kubwa, imejaa kiganja, na juu yake ameketi paka, paka kabisa, masikio na masharubu. Nilimkagua kuanzia kichwani. Nilipofika nyuma nikamwambia kwa masikitiko kwamba hii imelika, mkia umefutika. Akacheka akasema inatoka kisiwa kimoja kidogo karibu na Uingereza, na paka wa huko huzaliwa hawana mkia. Sikumwamini mpaka nilipoona pale mkia unapopaswa kuanzia manyoya yamechongwa kwa uangalifu ule ule wa usoni. Tangu hapo nilimtaka paka yule kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na nilifurahi, maana nilikuwa na cha kumbadilishia.

"Nigeuzie chui wako," akasema yule mama. "Nione mwaka."

Sikuwa na namna ya kumgeuza. Nilimwambia amebandikwa. Fundi baiskeli, aliyekuwa akisikiliza kama kawaida yake, alileta petroli kidogo kwenye kizibo, akasema gundi yake haina ubishi na petroli. Kweli, baada ya muda chui aliachia. Nilimfuta na kumgeuza mbele yetu wote. Upande wa pili ulikuwa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Namba za mwaka nilizifuta mwenyewe kwa msasa, zimebaki vivuli.

Fundi baiskeli akachukua kizibo chake cha petroli, akarudi kwenye baiskeli zake.

Yule mama aliipeleka sarafu kwenye mwanga, akaishusha. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi hubandika mbu kwa gundi, ndiyo kazi yangu," akasema. "Lakini mbu hana upande wa pili, mwanangu." Akanirudishia chui. Akamrudisha paka kwenye pochi.

Mtu mwenye wasiwasi kama wangu, likishatokea lile aliloliogopa, wakati mwingine hutulia. Niliutazama ubao wangu, nikaona kosa lote kwa mara moja: nilikuwa nimewatunza wanyama nikaharibu sarafu. Nikamwuliza za kwake anazihifadhi vipi. Akasema kwenye kopo la biskuti, zinagongana njia nzima, na anaiogopa safari.

Nikamwambia nitamshonea kitu ambacho kila sarafu itakaa kwenye mfuko wake, inaonekana mbele na nyuma, haigongi wala haigeuki, na anaweza kukikunja akakitia kwenye begi la mkononi. Sikuwa nimewahi kukiona kitu kama hicho, lakini nilijua naweza kukishona. Nikamwambia bei yake ni paka.

Shangazi alisimamisha cherehani yake. Yule mama alinitazama, akasema anaondoka na treni ya Jumamosi. Jioni ile akaleta kopo lake.

Nilinunua nailoni ile inayoonyesha, ya kufunikia meza. Nilipima kila sarafu kwa uzi, nikachora mistari kwenye gazeti, nikaliweka gazeti chini ya mguu wa cherehani ili nailoni isigande. Nilianza vizuri sana. Ndipo nikagundua jambo ambalo kitambaa hakikuwahi kunifundisha: nailoni haifumuliwi. Sindano ikipita, tundu limebaki. Ukifumua na kurudia unapata mstari wa matundu, na ukiivuta inachanika kama stempu. Kila mshono ulikuwa wa mwisho. Mimi, ambaye nilizoea kufumua, niliondoa miguu kwenye kanyagio. Nikawa napiga tundu moja moja kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono.

Kwenye safu ya tatu uzi ulikwama, nailoni ikavutika, na mshono ukaenda upande. Si sana, lakini niliuona, na nilijua nitauona mpaka nife. Nikauliza sokoni kama kuna nailoni nyingine. Ile yote ilikuwa imenunuliwa kwa ajili ya harusi moja Idete. Nikarudi nikamwambia shangazi nitafumua safu nzima.

"Utafumua upate nini?"

"Imepinda, shangazi."

"Na wewe ukifumua itakuwa imetoboka. Kesho ni Jumamosi. Kaa umalizie, kisha umpelekee mwenyewe, siyo mimi. Mdomo wa kumwambia imepinda unao."

Nilimalizia. Siwezi kusema nilimalizia kwa furaha. Nilizitia sarafu zake zote, tembo, twiga, swala, samaki, kila moja ikaingia kwenye mfuko wake na kukaa bila kucheza. Nikakikunja kile kitu, na pindo la kitambaa cheusi nikalifunga kwa vishikizo. Asubuhi niliazima baiskeli ya fundi. Aliikabidhi akisema nisiisugue msasa.

Nilimkuta yule mama uani kwake, mizigo imeshapakiwa kwenye gari. Kabla hajafungua nilimwambia kuna mshono umepinda, na kwamba nailoni ingenibakia ningeanza upya. Niliyasema haraka haraka kama mtu anayetema kitu. Akakifungua juu ya boneti ya gari. Akageuza upande mmoja, akageuza wa pili. Alisoma miaka, mmoja baada ya mwingine, midomo ikitembea. Dereva alipiga honi.

"Nimeuona," akasema. "Safu ya tatu." Akakikunja, akafunga vishikizo vyote bila kuharakisha. "Kwetu hiki wangeniuliza nimekinunua wapi. Shika paka wako, niwahi treni."

Nilirudi nikisukuma baiskeli, sikuipanda, kwa kuogopa kuanguka nikiwa na sarafu mfukoni. Pale barazani fundi aliuliza paka wangu amekula nini, nikamwonyesha. Alimtazama paka kwa muda, akasema huyu sasa anaeleweka, huyu hata kwao yupo, ila wa kwao ana mkia.

Shangazi aliniomba aishike ile sarafu. Zamani ningemwambia atazame ukutani. Nilimwekea kiganjani, naye akaigeuza kuona kichwa cha malkia wa Uingereza upande wa pili, akaigeuza tena kuona paka, akampitishia kidole gumba mgongoni kama vile angekoroma. Kilikuwa kidole cha mtu anayetia cherehani mafuta siku nzima. Kiliacha alama yake pale kati ya masikio, nyeusi, imekaa vizuri.

"Mzuri," akasema. "Ameshiba."

Nilisubiri aingie ndani kuonja wali, ndipo nikaifuta ile alama kwa pindo la kanga.