Siku Niliyorusha Skrini Nzima

Nilipoanza kazi hii nilikosea jambo moja: nilikuwa nikirusha skrini nzima ya simu kwenye runinga, hata pale mteja alipotaka video moja tu. Ukituma video peke yake, ikiisha imeisha. Ukirusha skrini nzima, chochote kilichomo simuni kinaweza kutokea mbele za watu. Nilijua tofauti hiyo. Nilirusha yote kwa sababu niliona inanifanya nionekane fundi zaidi.

Hakuna aliyenifundisha. Wazazi wangu ni watu wa bara waliokuja Diani kufanya kazi hotelini, mimi nikazaliwa Ukunda, na ufundi nikajifunza kwa kubonyeza na kuharibu. Mtu wa namna hiyo huishi na hofu kwamba siku moja watamgundua. Hata waya ukining'inia nyuma ya runinga ya watu, mimi nakosa raha siku nzima.

Jumapili moja alasiri niliitwa Msambweni, katika nyumba iliyotoka kuozesha binti. Aliyeniita alikuwa kaka wa bibi harusi. Alikuwa amenunua runinga kubwa na kifaa kidogo cha kuchomeka nyuma yake ili ipokee picha za simu, akataka wageni wake wawili, ami zake bwana harusi, waione video ya nikaha iliyofungwa msikitini. Simu yake ikakataa kuunganika. Akamwita dada yake mwingine, aliyekuwa chumbani akimlisha mama yao. Mama alikuwa amevunjika nyonga, hainuki kitandani.

"Lete simu yako, nayo ina nikaha, fundi aitumie."

"Ngoja kwanza, kaka, niangalie..."

"Wageni wakae wakungojee wewe? Lete!"

Dada aliniletea simu mwenyewe. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Fundi, hiyo ya nikaha tu. Nyingine usiziguse, tafadhali."

"Usijali, dada."

Nikarusha skrini nzima. Nikaha ikatokea, picha safi, sauti safi. Ami mmoja akaangua kicheko. "Mtazameni bwana harusi anavyotokwa na jasho! Utadhani anaolewa yeye!" Nilijiona mtu wa maana. Nikaiacha simu mezani, nikaingia nyuma ya runinga kuufunga waya ulionikera. Nikiwa huko nikasikia nikaha imeisha, na video iliyofuata simuni ikaanza yenyewe. Ilikuwa ngoma; nikatoa kichwa kutazama.

Nimekulia huku, najua kupamba ni nini. Ni usiku wa kumpamba bibi harusi, wanawake peke yao, mabuibui yamevuliwa, na simu hukusanywa mlangoni ili mtu asipige picha. Dada yule alikuwa ameificha yake, akamrekodia mama yake ambaye hakuweza kwenda kumwona mwanawe akipambwa. Sasa aliyekuwa akicheza kwenye runinga, nywele wazi, mabega wazi, alikuwa mke wa yule kaka.

"Astaghfirullah! Zima!" Ami mkubwa aligeukia ukuta.

Dada alitoka chumbani mbio, akairukia simu. Kaka akamdaka mkono, akausokota mpaka dada akapiga magoti. Hakuiachia. Kila simu ilipopinduka mikononi mwao, picha nayo ilipinduka kwenye runinga: mara wanawake wamelala ubavu, mara wamesimama, ngoma ikiendelea. Kaka akampiga kofi. Akamwita mchafu, mwuza ndugu zake. Akaokota rimoti, akampiga nayo usoni.

"Fundi, chomoa!" dada akalia. "Chomoa!"

Plagi ilikuwa karibu na goti langu. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kile kifaa kikikatiwa umeme ghafla huweza kuharibika. Nikaanza kutafuta kitufe kile sahihi cha kukizimia. Nikamjibu, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Subiri kidogo, dada."

Alipigwa mara tatu kabla sijachomoa. Mara ya tatu nilisikia plastiki ikivunjika juu ya mfupa. Ndipo nikang'oa waya kwa nguvu, kukawa kimya, na damu yake ikawa inadondoka kwenye mkeka.

Kaka akanigeukia. "Umemwona mke wangu, mbara wewe? Umeshiba?" Akanivuta kwa shati kutoka nyuma ya runinga. Ngumi ya kwanza ilinipasua mdomo. Nilipoanguka akanipiga mateke mbavuni, nami sikujikinga vizuri, kwa kuwa niliona nastahili.

Kilichomsimamisha ni mlango wa chumbani. Mama yao alikuwa sakafuni, amejikokota kwa viwiko kutoka kitandani, leso imemvuka ikabaki nyuma, uso umekunjamana kwa maumivu.

"Ni mimi niliyemtuma," akasema. "Nilitaka kumwona mwanangu. Haya, nipige mimi."

Kaka alirudi nyuma. Ami mkubwa akamkamata ukosi wa kanzu, akamburuta hadi nje. "Unampiga dada yako mbele yetu, halafu unatuambia ni heshima? Sisi tuliyafumba macho. Wewe umeyafumbua ya mtaa mzima!"

Mimi na ami wa pili tulimpeleka dada hospitali kwa tuktuk. Njia nzima alikuwa ameshikilia kitambaa usoni, na hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliniuliza tu kama mama amerudishwa kitandani. Alishonwa kope. Jicho lenyewe waliliokoa, lakini hadi leo analalamika kwamba upande ule anaona ukungu.

Niliwahi kwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza, akaniambia, "Kaka yangu ndiye aliyenipiga, si wewe. Lakini ulinisikia."

Sasa anaishi Tiwi na mama yake, ambaye anatembea kwa mkongojo. Wanawake walijua kwamba aliwarekodi, na tangu siku ile hajaalikwa kupamba kokote. Mimi bado nafanya kazi hii. Simwekei mtu skrini nzima tena; natuma video aliyoitaja, basi, na mwenye simu anakaa na simu yake.