Nyundo na Gurudumu la Mbele Kushoto

Walimwita Nyundo tangu ujana, kabla hata hajashika spana. Jina lilimpata siku alipomng'oa mtu meno kwa ngumi, kisha akainama, akamwokotea na kumkabidhi mkononi, akisema mali ya mtu haipotei. Waliokuwapo walicheka, naye akalipokea jina hilo kama mtu anavyopokea cheo. Tusimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake na kumfundisha kazi. Hakuwahi kulewa wala kumdhulumu mteja. Ila kitu kikimgomea, kiwe chuma au binadamu, alikuwa na dawa moja tu.

Mdogo wake waliyemwita Taratibu alikuwa wa udongo mwingine. Katika gereji ya magurudumu waliyoachiwa na baba, Nyundo alifungua na kukaza, Taratibu alibalansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu. Alisimama mbele ya mashine gurudumu likizunguka, akabandika kipande cha madini ya risasi ukingoni mwa rimu, akakisogeza kwa upana wa ukucha, akalizungusha tena, mpaka mashine isome sifuri.

"Unalibalansi au unalibembeleza lilale?" Nyundo alizoea kumtania.

"Heri mimi, kaka. Wewe ungeshalivunja taya."

Marehemu aliacha pia gari la michezo la zamani, jekundu, viti viwili, pua ndefu kama ya mtu mwenye majivuno. Aliusia liwe la kifungua mimba. Taratibu, aliyekuwa akiliosha tangu utotoni, hakusema neno. Kimya hicho ndicho Nyundo alichokuja kukifanya ushahidi.

Kwa maana gari lilianza kutetemeka. Mwendo wa polepole lilikuwa tulivu. Likishika kasi, usukani ulipiga mikono ya dereva kama samaki aliyevuliwa sasa hivi. Taratibu aliyabalansi magurudumu, akayarudia. Kwenye mashine yalisoma sifuri. Barabarani gari likatetemeka vilevile.

Kisha Nyundo akatoka na mkewe kwenda kusalimia wakwe. Kwenye mteremko usukani ulimtoka mikononi. Gari likajizungusha katikati ya barabara na kutulia nyasini, zima, lakini paji la uso la mkewe lilikuwa limepasua kioo. Nyundo alimwacha hospitali akishonwa, akarudi gereji kwa miguu, shati limelowa damu isiyo yake.

Taratibu alikuwa ameinamia mashine. Aligeuka. "Kaka, kuna—"

Ngumi ya kwanza ilimkuta mdomoni. Ya pili ilimbamiza kwenye mashine, na gurudumu lililokuwa likizunguka likamchuna mgongo. Nyundo alimvuta kwa kola, akamtupa sakafuni, akampiga mateke ya mbavu, akiongea kwa sauti ya chini kama mtu anayesoma dua.

"Ulitaka nife, urithi. Sema. Ulitaka nife, urithi gari."

"Magurudumu yangu yako sifuri," Taratibu alijibu, na damu ikatoka pamoja na maneno.

Jibu hilo ndilo lililomtia wazimu. Aliokota spana ya magurudumu. Taratibu alikinga uso kwa mkono wa kulia, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Geti lilikuwa wazi. Wateja waliona, na fundi wa kuchomelea wa jirani aliona, miwani yake myeusi imepanda utosini. "Leo wanabalansi meno," alisema, lakini hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Mama yao alitokea nyumba ya nyuma. Hakukimbia, mwanamke yule hakuwa na desturi ya kukimbia mbele ya watu. Alifunga geti kwanza, akaweka komeo, ndipo akamgeukia mwanawe mkubwa.

"Haya, muue. Ila ukimaliza usiniite mama."

Spana ilibaki hewani, kisha ikashuka.

"Amenitegea, Mama. Mke wangu nusura afe."

"Basi thibitisha. Ukithibitisha, huyu atatoka nyumbani kwangu na mkono wake uliovunjika. Usipothibitisha, utatoka wewe. Siwezi kulala nyumba moja na wauaji, wala na waongo."

Siku iliyofuata gari lilivutwa mpaka gereji. Taratibu aliketi kwenye kigoda, mkono ndani ya plasta, mdomo umevimba kama andazi. Hakuelekeza chochote. Nyundo alifanya kazi peke yake.

Alianza na alichofundishwa na baba: usukani ukitetemeka, tafuta mbele, kiti kikitetemeka, tafuta nyuma. Aliyapandisha magurudumu kwenye mashine, akitamani namba imsute mdogo wake. Sifuri. Aliyahamisha ya mbele nyuma, na ya nyuma mbele, akaliingiza gari barabarani. Kama kosa lingekuwa kwenye magurudumu, lingehamia kitini. Halikuhama. Usukani ulimpiga mikono vilevile.

Alirudi, akalipiga jeki, akavua gurudumu la mbele kushoto na sahani ya breki. Ikabaki habu tupu, chuma kile ambacho gurudumu hukalia. Akaiwekea kipimo cha mshale na kuizungusha kwa kidole. Mshale ulipaswa kutulia. Ulicheza. Habu ilikuwa imepinda, na ukingoni kulikuwa na kovu bapa, linalong'aa.

Alilijua kovu lile. Hapo nyuma, sahani ya breki ilikuwa imeshikwa na kutu, nao walikuwa wakiibadilisha. "Tia mafuta, kaka, tuiache mpaka asubuhi," Taratibu alimwambia. "Kutu haina haraka." Naye akajibu, "Mimi ninayo," akainua nyundo kubwa. Pigo moja lilikosea sahani. Gari lilianza kutetemeka baada ya hapo.

Geti lilikuwa limefungwa, na mshale huo aliuona yeye tu. Angeweza kulifuta kovu kwa tupa, akasema lolote.

"Umeona nini?" mama aliuliza kutoka mlango wa nyuma.

Nyundo alimtazama Taratibu, ambaye hakutazama habu. Alitazama mikono ya kaka yake.

"Ni mimi," Nyundo alisema. "Niliipiga mimi."

Mama alikwenda getini, akavuta komeo, akafungua mbawa zote mbili, kisha akamwita fundi wa kuchomelea kwa jina la kazi yake, na wengine waliokuwapo jana. "Alipigwa geti likiwa wazi," alimwambia mwanawe. "Rudia."

Nyundo alirudia mbele yao wote. Taratibu akainuka, akaokota spana ile ile kwa mkono wa kushoto. Kaka yake hakukinga. Pigo lilimwangukia kwenye mtulinga, mfupa ule wa begani, ukavunjika, akapiga magoti. Mama hakufumba macho. Taratibu aliiweka spana mahali pake ukutani, akatoka.

Hakurudi. Mkono ulipopona alifungua gereji yake ng'ambo ya barabara. Nyundo naye alihama nyumba ya mama, kama alivyoambiwa, akabakiwa na gereji ya baba. Gari jekundu lilitiwa habu mpya, likatulia kama maji ya mtungini. Nyundo alilipeleka mlangoni kwa mdogo wake na kuacha ufunguo ndani. Ufunguo ulirudishwa kupitia kwa mama, bila salamu.

Mpaka leo bega la Nyundo limeinama upande. Chuma kikigoma, hutia mafuta na kukiacha kilale. Na mteja akija analalamika kuwa gari lake linatetemeka, humwonyesha ng'ambo kwa kidevu.

"Nenda pale. Usimharakishe."