Mtungi wa Mwaka Aliozaliwa Siok-hun

Katika mtaa wa hekalu pale Lukang, mji wa pwani, Bun-siong alikuwa mkandaji wa viungo kama baba yake. Wacheza ngoma ya simba walioteguka, wanawake wavuna chaza waliokakamaa migongo, wote waliletwa kwake wakichechemea, wakaondoka wakitembea. Mwaka alipozaliwa bintiye wa pekee, Siok-hun, aliloweka mizizi na magome ya dawa katika mtungi wa pombe kali ya mtama, akauziba kwa nta. Dawa hiyo hupata nguvu kadiri inavyokaa. Mtungi ule, alisema, hautafunguliwa kwa mtu baki.

Siok-hun alipofikisha miaka kumi na minne, akiwa bingwa wa kuruka juu shuleni, uvimbe ukamtoka chini kidogo ya goti la kushoto.

"Anarefuka tu huyo," alisema kocha.

Bun-siong aliubonyeza, akaenda kuufungua mtungi. Kila jioni, wakishamaliza uji wa viazi vitamu, aliusugua uvimbe kwa kidole gumba kilicholowa dawa ile.

"Baba, polepole bwana! Unaniua!"

"Mwanariadha gani analia kama bata? Damu imeganda hapa, lazima ivunjwe."

"Bata hasuguliwi goti. Anachinjwa, yakaisha."

Wakacheka. Walicheka hivyo miezi minne, na uvimbe ukazidi kukua. Maumivu yakawa yanamwamsha usingizini, hata siku asizoruka. Hospitali ilikuwa vituo vitatu tu vya basi kutoka mlangoni pao, na picha ya mfupa ni kazi ya dakika tano! Lakini mikono iliyosifiwa miaka thelathini haikuwa imezoea kuuliza.

Walipokwenda hatimaye, daktari, mama wa makamo, alinusa hewa kabla hajaugusa mguu.

"Nani anamkanda?"

"Mimi."

Mguu ulipokwisha kupigwa picha, alimwonyesha. "Mzee wangu, uvimbe wa umri huu mara nyingi ni jeraha, au mshipa unaovuta mfupa, au usaha. Lakini ukiuma hata mtoto akipumzika, ukazidi wiki hadi wiki, unapigwa picha kwanza. Hii ni saratani ya mfupa. Mguu hatutauokoa. Sasa tunaupigania uhai wake."

"Ni mimi niliyeisambaza kwa kusugua?"

"Sijui. Hakuna atakayeweza kukwambia."

Heri angemtukana.

Asubuhi ya upasuaji Bun-siong alikuwa ameshanawa kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Harufu ya dawa haikutoka. Alikaa mbali na kitanda, mikono mifukoni.

"Mbona umekaa huko kama mgeni?" Siok-hun akamuuliza. "Njoo unisugue."

"Siwezi, mama. Sithubutu."

"Polepole tu, baba. Kesho mguu huu hautakuwepo."

Akaitoa mikono mifukoni. Hakusugua. Alikishika kisigino cha mwanawe kwa viganja viwili, akainamisha kichwa, na muuguzi alipokuja kumchukua mtoto ilibidi amwombe mara mbili aachie.