Kilo Mbili za Kupanda Helikopta

Kosa lilikuwa langu, lakini nyapara naye ana sehemu yake, maana alitutangazia "mtapimwa" na kwenda zake bila kufafanua. Sisi wachumaji chai tukisikia neno kupimwa tunajua jambo moja tu: uzito ni heshima.

Ilikuwa Agosti 1996. Shamba letu, nje kidogo ya Kericho, lilikuwa linasherehekea miaka sabini. Wakubwa wakakodi helikopta iwapeleke wageni kutazama chai kutoka juu, kisha hadi Mfangano, kisiwa cha milima kwenye Ziwa Victoria, na kurudi. Kiti kimoja kilikuwa zawadi ya mchumaji bora wa mwaka. Huyo alikuwa Bilhah, Mama Gekara, aliyetoka Kisii akiwa msichana mwenye kikapu cha kuazima. Nyumba zetu kwenye laini za wafanyakazi zinagawana ukuta, na tumechuma mistari jirani miaka kumi na tisa. Wewe ukijikongoja na kilo thelathini, yeye ana hamsini na bado anaimba.

"Rodah, wanapima watu ya nini?" aliniuliza asubuhi ile.

"Si wanataka kuona kama unatosha," nikamjibu, mimi mjuaji. "Kula."

Akala ugali, akanywa vikombe vitatu vya mursik yangu, maziwa ya mgando ya kibuyuni. Nikamvalisha sweta mbili, epron ya plastiki na gambuti. Mifukoni nikamtilia mahindi manne ya kuchoma, ya njiani na ya mizani.

Helikopta ilitua kwenye uwanja wa mpira. Upepo wake ulirusha kofia ya nyapara mpaka katikati ya chai, tukacheka hadi tukashikana. Kando ya uwanja waliweka mizani ya magunia kutoka kiwandani, na nyuma yake alisimama karani wetu wa kupima chai, Kipkorir, penseli sikioni. Bilhah akapanda kifua mbele.

"Themanini na moja," akasoma Kipkorir.

Tukapiga vigelegele. Rubani, kijana mpole wa Nairobi, akatikisa kichwa. "Pole, mama. Nafasi imebaki ya kilo sabini na tano. Ikizidi hapo, siwezi kukubeba."

Nilitamani ardhi inimeze. Celine, aliyekuwa wa pili na ambaye upepo wa Kericho humsumbua kwa wembamba, tayari alikuwa anafunga kitambaa chake upya. Bilhah hata hakunitazama. Akavua gambuti, epron na sweta zote mbili, akanirudishia mahindi moja baada ya jingine. Akapanda tena. Sabini na saba.

Kilo mbili! Kwetu kila mchumaji anazijua kilo hizo. Kila jioni Kipkorir hutundika kikapu chako, husoma, kisha hukata mbili: moja ya kikapu, moja ya umande. Hukata hata Januari, wakati umande tunausikia tu kwa karani.

Bilhah akabaki juu ya mizani na soksi zake. "Kipkorir," akasema polepole, "miaka kumi na tisa unanikata mbili. Leo pia, kata."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kata!" na sote tukadakia, "Kata, karani! Kata!" Meneja aliuliza tunataka nini, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumweleza. Kipkorir alitokwa jasho. Akachomoa penseli, akaandika sabini na tano.

Rubani alipoelezwa, alicheka mpaka akajifuta macho. Lakini helikopta, alisema, haisomi daftari la karani. Basi akatoa sanduku la chakula cha wageni, akaliweka kwenye mizani. Kilo nne. "Sasa mimi nimekata," akasema, akatukabidhi. Bilhah akapanda helikopta, nasi tukala sandwichi za wakubwa.

Ya huko juu nimesimuliwa mara mia, na kila mara nacheka upya.

"Tumbo ilibaki kwa uwanja, Rodah, mimi nikaenda!" Alitafuta ule mstari wake wa miaka kumi na tisa, akauona, akaufunika wote kwa kidole gumba. Walikuwa wamemvalisha vidude vya masikioni vyenye kipaza sauti, naye hakujua kwamba kila mtu anamsikia. Akaomba kwa sauti hadi walipopita mji wa Sondu, akimsihi Mungu ailinde ndege na amsamehe Rodah kwa ile mursik. Wageni wakaitikia amina.

Kisha likaja ziwa, na ndani yake mlima ukitoka majini, kijani mpaka kileleni. Rubani akawaeleza kwamba kisiwa kile kilizaliwa na mlima wa moto.

"Hiyo moto iko bado?" akauliza Bilhah.

"Ilizima, mama. Miaka mamilioni."

"Nani alizima?"

Rubani akakizunguka kisiwa mara mbili, helikopta imelala ubavu, Bilhah akipiga mayowe ya furaha na watoto wa ufukoni wakikimbiza kivuli. "Nilitetemeka, nikacheka, nikalia kidogo," huniambia. "Sikuwa mama ya mtu. Nilikuwa naruka tu."

Aliposhuka hatukumwacha atembee. Tulimbeba sisi.

Kesho yake tulikuwa kwenye foleni ya mizani kama kawaida. Kipkorir akatundika kikapu cha Bilhah. "Hamsini na mbili." Penseli ikagusa daftari, ikasita. Foleni nzima tulimtazama. Akaandika hamsini na mbili.

Aliyefuata nilikuwa mimi. "Thelathini na moja," akasoma. "Kata mbili, ishirini na tisa."

Bilhah alikuwa ameshafika barabarani. Akasimama, akarudi hadi kwenye mizani, akavua gambuti zake akaziweka chini.

"Karani," akasema, "soma tena."

Kipkorir akazitazama soksi zile. Akasoma tena, thelathini na moja, na hivyo ndivyo alivyoandika.