Kunyamaza Mbele ya Wakwe

Vidonge vya Parkinson, ugonjwa unaonikaza mwili, vinanisaidia kutembea, lakini vina kasheshe yake. Nikishavimeza, baada ya saa moja mabega na shingo huanza kucheza vyenyewe. Hapa kwetu Murukulazo watoto hunicheka, na wakubwa huniuliza nimeanza kunywa saa ngapi. Nimezoea, au ndivyo ninavyojidanganya.

Wakwe walipopanga kuja kumposa binti yetu, niliapa hawatanikuta nikicheza. Niviache siku nne tu, nilijiambia, nitulie kama mwanamume. Vidonge nikavificha sandukuni, chini ya suti ya kanisani. Mke wangu sikumwambia.

Nilitulia kweli. Asubuhi ya siku yenyewe walinibeba kunikalisha kitini kama gunia la maharage, nikanong'ona kwamba ni uchovu. Mchana wageni wakafika kutoka Bisibo, Wasukuma watupu. Nyumbani kila mtu alijua nilivyowasema, kwamba mimi simtaki mkwe wa kuswaga ng'ombe. Kikaletwa kibuyu cha pombe ya ndizi. Baba wa binti ndiye anayevuta mrija kwanza, na akivuta amekubali.

Mrija ulifika mdomoni, midomo ikakataa kufunga. Mkono haukuinuka, ulimi haukugeuka. Masikio tu ndiyo yaliyokuwa mazima.

"Si alisema hawataki?" kaka yangu alinong'ona, nikamsikia. Wageni wakaanza kutazamana. Binti yangu akapiga magoti mbele yangu, machozi yakimtoka.

"Baba, kama hunipi ruhusa, sema basi."

Sikuweza hata kupepesa jicho. Aibu niliyoisikia pale sijawahi kuisikia tena.

Aliyeinuka ni baba wa kijana anayeposa. Wakwe hawagusani hovyo, lakini alitoa kitambaa chake akanifuta udenda, kisha akanishika paji la uso.

"Huyu hakatai," alisema. "Huyu anaumwa. Mwili unachemka. Tumpakieni kwenye gari letu."

Hospitalini walinipitishia dawa kwa mpira wa puani. Siku ya tatu sauti iliporudi, daktari aliniuliza kwa nini niliacha vidonge, maana kuviacha ghafla kungeweza kuniua. Mke wangu alikuwa amesimama pale, na yule kijana pia. Nikasema viliniishia, sikutaka kusumbua watu.

Kesho yake kijana hakuonekana mpaka jioni. Aliingia wodini ana vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa amezunguka na pikipiki maduka yote ya dawa ya Ngara akitafuta vidonge vyangu, akakosa, akaenda mpaka Biharamulo.

"Shikamoo, baba," alisema, akainama. "Nimepata vidonge pakti mbili tu. Kesho nitajaribu kwingine."

Alinipa kwa mikono miwili. Mke wangu alinitazama, na nikajua ameshafungua sanduku.

Nikasema marahaba, nikavipokea.